Buibui Ataka Stara, Hataki Taa

Kwetu Pwani neno buibui lina maana mbili. Kuna buibui mdudu, atandaye utando wake kwenye pembe za dari, na kuna buibui vazi jeusi wajifunikalo mabibi zetu watokapo nje. Maana hizi mbili, ukizitazama vyema, zakutana pahali pamoja, napo ni penye stara. Vazi lamsitiri mwenye kulivaa, naye mdudu aishi kwa kujisitiri. Namuomba msomaji alishike neno hilo la stara, maana ndilo litakalotuamulia mjadala wa leo.

Mjadala wenyewe watoka mbali. Huko Uingereza, Ujerumani na Marekani wako watu wafugao majumbani mwao buibui wakubwa wa manyoya waitwao tarantula, kama sisi tufugavyo paka na njiwa. Huwaweka katika visanduku vya kioo, wakawapa nyenje na mende wa kula na kisahani cha maji. Suali lao lisilokwisha ni hili: je, kisanduku cha tarantula chahitaji kutiwa taa? Wako wasemao kuwa chahitaji, kwani ni kiumbe gani asiyependa mwangaza? Na wako wasemao la.

Huenda msomaji akauliza haya yatuhusu nini sisi. Yatuhusu. Kwanza, ndugu na wana wetu wengi wamelowea nchi hizo, na watoto wao hujifunza ada za majirani zao. Pili, baadhi ya buibui hao asili yao ni huku kwetu. Yuko mmoja mashuhuri sana miongoni mwa wafugaji, ambaye wataalamu humwita Pterinochilus murinus. Huyu hupatikana Kenya na Tanzania, na aina yake ya rangi ya chungwa huuzwa Ulaya kwa jina la Usambara, milima iliyo jirani yetu kule Tanga. Basi anayemulikwa taa katika kisanduku cha London huenda akawa ni mwenzetu.

Mimi nasimama upande wa wasemao la. Tarantula hahitaji taa, na aghalabu taa humdhuru. Nitatoa hoja zangu moja baada ya moja, naye msomaji ahukumu.

Hoja ya kwanza ni maumbile yake. Tarantula ana macho manane, yamekusanyika juu ya kinundu kidogo kichwani. Mtu angedhani mwenye macho manane huona mara nne kuliko sisi, lakini sivyo. Macho yake ni hafifu. Hutambua mwanga na giza, na kitu kikitikisika mbele yake, basi. Kazi ya kuona kwake hufanywa na vinyweleo vya miguuni, ambavyo huhisi mtikisiko wa ardhi na upepo mdogo wa mdudu apitaye. Yeye huwinda usiku. Mchana hushinda ndani ya shimo, au chini ya jiwe, au, kwa wale wa misituni Amerika ya Kusini wakaao juu ya miti, ndani ya mfuko wa hariri alioufuma mwenyewe. Tukiwasha karabai usiku wa mvua, kumbikumbi huja mbio. Tarantula ukimmulika, hurudi nyuma akajificha. Kiumbe akukimbiaye unapomletea zawadi, amekwisha kukujibu.

Hoja ya pili ni joto. Balbu za namna ya zamani hutoa joto jingi kuliko mwanga, na joto hilo hukausha hewa ya kisanduku kidogo kwa muda mchache. Hapa ndipo penye hatari, na ni vyema tuieleze kwa urefu. Mguu wa buibui haukuumbwa kama wetu. Sisi tuna misuli ya kukunja mguu na misuli ya kuunyosha. Buibui ana ya kukunja, lakini katika viungo vyake vikubwa hana ya kunyoosha. Huunyosha mguu kwa kusukuma maji ya mwili wake ndani yake, kama mpira wa bustani unavyotutumka maji yakifunguliwa. Akikaukiwa, msukumo hupungua, na miguu hujikunja chini ya tumbo kama vidole vya ngumi. Mfugaji mgeni hudhani amelala, kumbe yu katika kufa kwa kiu chini ya taa aliyowashiwa kwa mapenzi.

Tena kuna siku zake za kujivua gamba. Tarantula hulala chali, akajitoa katika ngozi yake ya kale kwa muda wa saa kadhaa, na atokapo mwili wake ni laini kama mkate uliolowa. Wakati huo hataki ukavu, hataki kuguswa, wala hataki kumulikwa.

Sasa tuzisikilize hoja za wenzetu, maana mjadala wa haki ni wa pande mbili. Wasema kwamba kobe na kinyonga wafugwao hupewa taa maalumu za miale ya jua, basi kwa nini buibui anyimwe? Jawabu ni kuwa kobe na kinyonga wana mifupa. Miale ile huwasaidia kupata vitamini D, nayo huwawezesha kuitumia chokaa iliyomo katika chakula chao kuijenga mifupa hiyo. Buibui hana mfupa hata mmoja. Amevaa gamba lake nje, nalo halijengwi kwa njia hiyo. Kumpa taa ya kobe ni kama kumpa samaki mwavuli.

Wasema pia kuwa kiumbe hawezi kuishi katika giza daima, sharti ajue usiku na mchana. Hoja hii ina sura ya haki. Huku kwetu karibu na Ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, ilhali London mwezi wa Juni mchana hupita saa 16, na Desemba haufiki hata saa 8. Lakini kujua usiku na mchana si lazima kumulikwa. Mwanga upitao dirishani ukaenea chumbani watosha. Wafugaji wengi hawana taa yoyote katika visanduku vyao, na buibui wao hula, hujivua na hutaga miaka nenda miaka rudi. Majike wa aina kadhaa huishi zaidi ya miaka 20. La kuchunga ni kisanduku kisiwekwe penye jua kali, kwani kioo hukigeuza kikawa tanuri.

Na baridi je? Nchi zile zina baridi, hilo halina ubishi. Aina nyingi hustarehe kwenye joto la digrii 22 hadi 28. Dawa yake ni kukipasha moto chumba kizima, au kuweka mkeka wa umeme wenye kidhibiti joto ubavuni mwa kisanduku, si chini yake. Porini, buibui akizidiwa na joto huchimba kwenda chini kutafuta ubaridi. Ukiliweka joto chini, maumbile yake yenyewe yatampeleka kwenye moto.

Ukiyapima yote haya, utaona taa ile ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba na wageni wake. Amenunua kitu cha ajabu, naye ataka kionekane. Simlaumu kwa kutaka kuona. Na akitaka kutazama, awashe taa hafifu isiyo na joto kwa dakika chache, kisha aizime. Ninalolikataa ni kuyaita matamanio ya macho yetu kuwa ni huruma kwa mnyama.

Tuliosoma chuoni twajua kuwa sura ya 29 ya Kurani Tukufu yaitwa kwa jina la buibui, nayo hutukumbusha udhaifu wa nyumba yake. Walimu wetu wametusimulia pia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachilie akajitafutia. Mafunzo ya kisa hicho hayaishii kwa paka. Mwenye kumfunga kiumbe amejitwika mzigo wake wote, kwa kuwa amemwondolea njia ya kujisaidia. Buibui wa porini jua likimchoma hushuka shimoni. Aliyemo katika kisanduku cha shubiri mbili atakimbilia wapi?

Na kabla ya taa kuna suali kubwa zaidi, la namna alivyofika kisandukuni. Mwezi wa Mei 2025 mahakama mjini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, kwa kujaribu kuwatorosha nje maelfu ya chungu, wakiwemo malkia, ambao wafugaji wa ng'ambo huwanunua kwa bei kubwa. Ikiwa chungu ana soko, buibui wetu hayuko salama. Anayetaka kufuga na amtafute aliyezaliwa mikononi mwa wafugaji, si aliyechimbuliwa shimoni mwake.

Kwa hivyo shauri langu kwa vijana wetu walioko ng'ambo ni fupi. Fedha ya taa nunueni udongo wa kutosha ili buibui achimbe. Wengi huko hutumia unga wa makumbi ya nazi, ambao kwetu si kitu kigeni. Mpeni gome la mti la kujifichia, na maji safi yasikatike. Kisha muacheni. Nami nawaaga kwa ubeti huu mmoja:

Mfugaji sikiliza, neno langu la busara,
Taa yako yaunguza, yamzidishia dhara,
Muachie lake giza, ndilo kwake jambo bora,
Buibui ni sitara, taa hana haja nayo.