Kwani wanaosomea urubani wana ndege?

Nyote mnaotusoma, mlioko Kakuma, Kalobeyei, Dadaab, Nakivale, Nyarugusu, na nyinyi wakubwa wetu wa mashirika ambao huwa mnapita hapa kimyakimya bila hata kutuachia alama ya dole, leo tunaomba mtuvumilie, tuna jambo linatuuma.

Kuna dada yetu mmoja wa kikundi. Jina tunaliweka kando kwa sababu mambo yake hayajaisha. Alimaliza kidato cha nne hapa Kakuma, akapata B ya jumla, Baiolojia A-, Kemia B. Anataka kusomea udaktari wa mifugo. Si kitu alichokiona kwenye simu jana. Baba yake alikuwa na ng'ombe Masisi kabla ya vita, na yeye mwenyewe akiwa mdogo alikuwa anajua kila ng'ombe kwa jina.

Basi alipokwenda kuomba ushauri kwenye ofisi moja (hatuitaji), aliyempokea akasoma fomu, akacheka kidogo, akamwambia: "Dada, hii kozi ya wanyama itakufikisha wapi? Wewe huna hata kuku." Akamshauri achukue kozi ya maendeleo ya jamii, ya muda mfupi, eti hiyo ndiyo inapata kazi haraka kwenye mashirika.

Dada yetu akamjibu: "Kwani wanaosomea urubani wana ndege?"

Tulicheka sana aliposimulia. Lakini usiku tukiwa tumekaa nje tukaanza kuliwaza vizuri, tukaona si la kucheka. Ni kweli hana hata mbuzi. Hapa kambini mkimbizi amekatazwa kufuga ng'ombe na mbuzi tangu zamani, ili tusigombanie malisho na wenyeji wetu Waturkana. Kuku na bata, sawa. Kwa hiyo mtu anakukataza kufuga, halafu mwingine anakuambia usisomee mifugo kwa sababu hufugi. Sasa sisi tusomee nini? Kupanga foleni?

Na watu wasifikiri kwamba mifugo si shida yetu kwa sababu si mali yetu. Nyama tunayonunua inatoka kwa nani? Maziwa? Mbwa wanaozunguka karibu na vichinjio wanacheza na watoto wa nani? Turkana imejulikana kwa miaka mingi kama moja ya sehemu za dunia zenye ugonjwa wa hidatidi kwa wingi. Ni mnyoo wa mbwa. Mbwa anakula matumbo na maini ya mbuzi aliyechinjwa, mnyoo unakua ndani yake, mayai yanatoka kwa kinyesi, mtoto anashika manyoya ya mbwa kisha anakula bila kunawa. Baada ya miaka anabeba uvimbe wa maji kwenye ini ambao mara nyingi unamlazimu apasuliwe. Miaka ya 1980 AMREF walianza kazi ya kuupunguza huku Turkana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuwa ya hospitali, ilikuwa ya mbwa: kuwapa dawa, kupunguza idadi yao, kufundisha watu wasiwatupie matumbo. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Kichaa cha mbwa nacho, Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi Asia na Afrika, na dawa yake kubwa ni kuchanja mbwa. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka Kenya mwisho wa 2006 hadi 2007, ilianzia kwa mifugo ikaishia makaburini.

Kwa hiyo la kwanza tunalosema, wakubwa wetu: msiicheke hiyo fomu.

La pili ndilo gumu, na hapo hata sisi wenyewe tuligombana. Aende wapi?

Kuna wenzetu waliosema asubiri Kanada. Mnaujua ule mpango wa wanafunzi wakimbizi wa WUSC, umekuwepo tangu 1978, na kila mwaka hapa kambini watu wanaufunga kula kwa maombi. Ukichaguliwa unafika kule tayari una ukaazi wa kudumu, na kikundi cha wanafunzi wenzako kinakushika mkono mwaka wa kwanza. Hatutasema uongo, ukaazi huo ni kitu kikubwa kuliko shahada yoyote. Mtu aliyezaliwa na kitambulisho chake hawezi kuelewa. Ukiwa na karatasi hiyo hakuna wa kukuuliza pasi ya kutoka kambini.

Lakini tuangalie njia yenyewe. Kanada nzima ina vyuo vitano tu vya udaktari wa mifugo. Huingii moja kwa moja kutoka sekondari kama huku kwetu. Kwa vingi vyao unasoma kwanza miaka miwili au zaidi ya masomo ya sayansi chuo kikuu, ukiwa na alama za juu sana, halafu ndiyo unaomba, halafu miaka minne mingine. Na nafasi nyingi wanawawekea wakaazi wa mikoa ambayo chuo kinahudumia, kwa hiyo mkoa utakaotupwa na ndege unaweza kuamua kama utaomba au hutaomba. Msaada wa mwaka wa kwanza ukiisha, unafanya kazi usiku na mchana unasoma. Wapo wanaofaulu, tunawavulia kofia. Ila mtu asiende akidhani akishuka uwanja wa ndege anavaa koti jeupe. Wengi huishia kozi nyingine, na hilo si aibu. Tunachosema ni kwamba hiyo ni njia ya kupata maisha mapya kwanza, na udaktari baadaye kama Mungu akipenda.

Njia ya pili ni hapa karibu. Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete, ndicho cha zamani kwa kazi hii. Kuna wakati hata wanafunzi wa Uganda na Tanzania walikuwa wanakuja kusomea Kabete, enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kabla ya 1970. (Yaani kijana wa nchi jirani kusomea mifugo Kabete si jambo jipya hata kidogo.) Egerton kule Njoro nao wanafundisha. Makerere wapo Kampala, Sokoine wapo Morogoro, Rwanda wanasomea Nyagatare. Shahada ni miaka mitano, na unaingia moja kwa moja kutoka sekondari ukiwa na alama za Baiolojia, Kemia na Fizikia au Hesabu. Halafu magonjwa unayosomea ndiyo haya yaliyoko hapa: sotoka ya mbuzi, homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa wa miguu na midomo, kupe. Unasomea ngamia. Mtu aliyesomea Kanada anaweza kumaliza bila kumgusa ngamia hata mmoja.

Mwenzetu mmoja aliuliza, na Lubumbashi je? Si ndiyo nyumbani, na wana kitivo cha mifugo. Ni kweli. Lakini kule ni Kifaransa, na dada yetu amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la tatu. Na nyumbani kwenyewe ni mbali na Lubumbashi kama tulivyo mbali na Nairobi, au zaidi. Hilo tuliliacha haraka.

Shida ya Kabete ni karo na karatasi. Karo, kuna DAFI, ule ufadhili ambao Ujerumani na UNHCR waliuanzisha 1992, na kuna mingine. Hapa tunataka vijana mfungue masikio. Kozi nyingi ni miaka minne, hii ni mitano. Kabla hujasaini, uliza kwa maandishi: je, mwaka wa tano umo? Na je, buti, koti la maabara, nauli za kwenda mafunzo ya vitendo mashambani, vimo? Tunamjua kaka mmoja wa kozi nyingine ndefu ambaye mfadhili wake alisimama mwaka wa mwisho. Sasa anauza vocha. Ana kila kitu isipokuwa cheti. Pia uliza chuo kama kwenye karo utahesabiwa mgeni au mwenyeji, kwa sababu tofauti yake inaweza kumeza ufadhili wote.

Halafu ni leseni. Watu wengi wanaishia kuwaza shahada, wanasahau kwamba daktari wa mifugo hafanyi kazi kwa shahada, anafanya kwa usajili. Kenya, Bodi ya Mifugo ndiyo inasajili, kwa sheria ya 2011, na mkimbizi anahitaji tena kibali cha kazi cha daraja la M. Ukisomea huku kisha ukahamishiwa Marekani au Kanada, lazima ukae mitihani yao kadhaa, migumu na ya bei, kwa sababu hakuna chuo cha Afrika Mashariki kwenye orodha ya vyuo wanavyovikubali moja kwa moja. Kwa hiyo swali si "chuo gani kina jina kubwa". Swali ni utafanyia kazi wapi, na nani atakupa ruhusa. Nenda kaulize Bodi wewe mwenyewe kabla ya kujaza fomu. Usimuulize wakala anayekudai elfu tano akutafutie nafasi. Huyo hana nafasi, ana simu tu.

Na ipo njia ya tatu ambayo vijana wengi hapa wanaidharau: cheti cha afya ya mifugo, miaka miwili, kwenye vile vyuo vya AHITI vya Kabete, Ndomba au Nyahururu. Alama zinazotakiwa ni za chini, pesa ni kidogo, na ukimaliza una kazi mkononi. Tuliidharau sisi pia mpaka mzee mmoja wa Sudan Kusini, jirani yetu, alipotusimulia habari ya sotoka.

Sotoka mnaijua kwa jina tu kwa sababu imekwisha. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetoweka duniani, ugonjwa wa pili kumalizwa na binadamu baada ya ndui. Chanjo yake kubwa ilitengenezwa hapa Kenya, Muguga, na daktari anaitwa Walter Plowright. Lakini chanjo ile ilitaka baridi, na huku kwetu barafu utaitoa wapi? Baadaye ikapatikana inayovumilia joto. Na walioibeba mpaka kwenye mazizi ya Sudan Kusini, Karamoja na Afar, sehemu ambazo madaktari hawakufika kwa sababu ya vita, ni vijana wa wafugaji waliofunzwa muda mfupi. Mzee anasema kaka yake alikuwa mmoja wao. Hakuwa na shahada. Alikuwa na miguu, na ng'ombe walimjua.

Sasa hapa msituelewe vibaya, wakubwa wetu. Habari hii haina maana kwamba mkimbizi atosheke na mafunzo ya muda mfupi milele. Plowright naye alihitajika. Tunachokataa ni mtu mwingine kutuamulia kwamba sisi ni wa kubeba jokofu tu.

Nyumbani kwake nako si rahisi. Mjomba wake alimwambia, "Mtoto wangu, ngombe ndiyo zilituletea matata kule, sasa unataka kuzirudilia?" Alinyamaza. Mjomba aliona ng'ombe wake wakipigwa risasi, humwambii neno. Mama yake yeye anataka Kanada, kwa sababu akienda mmoja wengine wana matumaini.

Mwezi uliopita mama mmoja Mturkana anayetuuzia makaa alikuja mbio asubuhi, mbuzi wake ameshindwa kuzaa kule lagani. Dada yetu alitoka na sabuni na ndoo ya maji yake ya siku. Tulimfuata wanne, kushangaa tu. Akanawa mpaka kwenye kiwiko, akapiga magoti mchangani, akaingiza mkono, akafumba macho kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Kitoto kilikuwa kimekunja mguu mmoja nyuma. Akakirudisha ndani kidogo, akaukunjua mguu, akavuta. Kikatoka, kikafuatiwa na kingine. Yule mama hakuuliza cheti wala kadi ya mgao. Aliondoka, jioni akarudi na maziwa.

Basi sisi kama kikundi tulipiga kura, kumi na moja kwa nne. Tumemshauri aombe Kabete na aombe ufadhili wa miaka mitano yote. Kama hawaandiki mitano, achukue cheti cha miaka miwili kwanza, aanze kazi, aombe tena shahada akiwa na uzoefu. Jina lake la Kanada libaki kwenye orodha, haligharimu kitu, ila asikae miaka mitatu akilisubiri. Wale wanne bado wanasema tumekosea, na mmoja wao ni mdogo wake.

Fomu inafungwa tarehe 30. Bado anahitaji nakala za vyeti zilizopigwa muhuri, barua ya mwalimu mkuu, na pasi ya kwenda Nairobi kwa mahojiano. Kama kuna yeyote kati yenu aliyesoma au anayesoma Kabete au AHITI akiwa mkimbizi, mtuandikie kwenye ujumbe wa ndani: mwaka wa tano ulilipwaje, na Bodi walikuambia nini. Na wewe wa ile ofisi, kama unatusoma, atarudi kwako Jumatatu na fomu ileile. Anahitaji muhuri tu.