Usukani Mwepesi Si Sifa

Bwana Mhariri amenitaka mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niwaandikie ndugu zangu wadogo neno moja lenye faida. Nitaandika habari za usukani, maana huo ndio kalamu yangu siku hizi. Kazi yangu ni kuwachukua wageni kwa gari katika mbuga ya Kasenyi, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, wapate kuona simba na makundi ya kobu.

Watu wengi wa Kasese na Bwera wakiisifu motokaa nzuri husema, "Usukani wake ni mwepesi, waweza kuuzungusha kwa kidole kimoja." Mimi nasema sifa hiyo haitoshi, na pengine ina hatari ndani yake.

Kwanza tufahamu kazi ya usukani. Njia iliyo kati ya mikono ya dereva na magurudumu ya mbele ni ya kwenda na kurudi. Mkono hupeleka amri, na magurudumu huleta habari za barabara. Katika Land Rover za kwanza, zilizotoka mwaka 1948, habari zilikuja nyingi mno. Wazee wa kazi walitufundisha tusiingize vidole gumba ndani ya usukani, maana gurudumu likipiga jiwe usukani huruka na kuumiza. Baadaye ikaja pawa stelingi, ambayo pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta ili kuusaidia mkono. Siku hizi magari mengi yana mota ya umeme, na kompyuta ndogo huamua isaidie kiasi gani. Hii ya umeme huokoa petroli, kwa sababu hufanya kazi kubwa pale tu dereva anapozungusha.

Sasa sikilizeni vema. Gari likikata kona, matairi ya mbele hutaka kujinyosha, na huo ndio uzito mnaousikia mikononi. Matairi yakikaribia kuteleza, uzito ule hupungua kwanza. Kwa hiyo usukani hulegea kabla gari halijaiacha njia, na dereva aliyezoea hupunguza mwendo mara moja. Lakini ikiwa msaada wa mota ni mwingi mno, na usukani u mwepesi wakati wote, kulegea kwake mtakujuaje?

Jambo hili sikulisoma kitabuni. Asubuhi moja baada ya mvua nilikuwa na wageni watatu katika gari la fahari nisilolizoea. Tulipata habari kwamba simba wameonekana, nami nikaongeza mwendo kuliko ilivyofaa. Kwenye kona moja yenye tope nilizungusha usukani, nao ukazunguka kama kijiko ndani ya kikombe. Gari likaenda moja kwa moja likaingia majanini, na liliposimama, mtoto wa kobu alikuwa amelala hatua chache mbele yetu. Mgeni mmoja, mama mzee, alinishika bega asiweze kusema. Kosa lilikuwa langu, sikatai, maana mwendo ulikuwa wangu. Lakini mikono yangu haikupewa onyo hata kidogo.

Baadaye tajiri wangu alitaka kununua gari la fahari la kimo cha kati, akanipa mawili niyajaribu. La kwanza lilikuwa Toyota Harrier ya aina iliyotoka mwaka 2003, yenye pawa stelingi ya mafuta. Usukani wake ulikuwa mpole, kama mzee mwenye adabu asemaye kwa sauti ndogo, lakini husema. La pili lilikuwa BMW X3 ya kwanza, ambayo nayo ilitoka mwaka 2003 na hutumia mafuta. Usukani wake ulikuwa mzito, hata jioni mabega yaliniuma, lakini niliweza kujua kwa mikono tu pale lami inapokwisha na changarawe inapoanza.

Tajiri akaniuliza, "Mwanangu, wewe wachagua lipi?" Nikamjibu, "Mzee, nachagua X3." Akacheka, akanunua Harrier, kwa kuwa spea zake hupatikana Kasese bila taabu. Naye alikuwa na haki, maana gari lililolala gereji halina usukani wowote.

Wengine watanijibu kwamba usukani mwepesi huwafaa wazee, na kwamba siku ya soko Bwera, katika msongamano, usukani mzito ni adhabu. Ni kweli. Tena umeme wenyewe si adui. Porsche Macan iliyotoka mwaka 2014 ina usukani wa umeme, na waandishi wengi wa habari za magari waliusifu kwa jinsi unavyoeleza njia. Basi kosa ni la anayeupanga usukani usiseme kitu, na letu sisi wanunuzi tunaosifu wepesi peke yake.

Jambo hili latuhusu zaidi sasa. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. X3 yenyewe iliacha mafuta ikashika umeme katika aina yake ya pili, ya mwaka 2010. Kwa hiyo magari mtakayonunua ninyi yatakuwa ya umeme karibu yote.

Nawapa shauri hili. Siku mtakapokwenda kununua gari, au baba zenu watakapowachukua pamoja nao, msiridhike kulizungusha uani kwa muuzaji. Kwanza pimeni upepo wa matairi, maana tairi lenye upepo haba huharibu usukani wowote. Kisha liendesheni polepole kwenye murramu na kona pana, mkishika usukani kwa mikono miwili bila kuukaza. Je, uzito unaongezeka kona inapokaza? Mkono unatambua lami na changarawe? Kama sivyo, na hamna gari jingine la kuchagua, basi punguzeni mwendo kuliko wenzenu, hasa siku ya mvua.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa dereva, barabara nayo ni mkuu. Ikiwa usukani wako haukuletei maneno yake, enda kama mtu apitaye gizani.