Eti Sisi Ndio Wategemezi

Kila semina ya vijana hapa Nyarugusu lazima neno hilo litajwe: utegemezi. Tumezoea mgao, tunaambiwa, sasa tujifunze kujitegemea. Mimi ndiye napanga vijana kwa semina hizo, kwa hiyo nalisikia kuliko wengi, na nimechoka nalo.

Kwa sisi Waislamu, wa kujitosha ni mmoja tu. Ni Al-Ghaniy, Mkwasi asiyehitaji kitu kwa yeyote. Sura ya Fatir, aya ya 15, inawaita watu mafakiri mbele yake. Watu wote, jamani! Haikusema wenye kadi za mgao. Huyo anayekuja na gari la kiyoyozi naye anategemea: wafadhili wakipunguza fedha, mkataba wake unakatwa kama unga wetu unavyokatwa. Na pumzi yake hakuinunua.

Tena Sura ya Al-Alaq inaonya kwamba binadamu huvuka mipaka pale anapojiona amejitosheleza. Sasa sisi tufundishwe hilo kama stadi ya maisha?

Najua kuna wazee wetu watakaofurahi hapa waseme, "Si tuliwaambia? Riziki ni ya Mungu, tulieni." Hapana, nao siwaungi mkono. Wasome habari ya Musa katika Sura ya Al-Qasas. Alikimbia Misri akafika Madyan, mkimbizi kama mimi. Akawakuta mabinti wawili wanasubiri wachungaji wamalize kisimani, akawanyweshea mifugo yao. Baada ya kazi ndipo akaenda kivulini, akamwambia Mola wake kwamba yeye ni fakiri wa heri yoyote atakayomteremshia. Kazi na ufakiri havikugombana. Na jibu lilipitia mkononi mwa mtu: baba wa mabinti wale, mzee sana, alimwita amlipe, kisha akampa mkataba wa miaka 8, akipenda afikishe 10, na binti wa kuoa.

Mzee yule hakumsimanga, wala hakumwambia ajitegemee huku amemfungia. Kwetu, Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inataka mkimbizi akae eneo alilopangiwa. Kutoka ni kwa kibali. Kijana anamaliza mafunzo ya ushonaji, anapigwa picha na cheti chake, halafu wateja wenye pesa wako upande wa pili wa lango. Akirudi kula mbaazi za mgao, anaitwa mtegemezi. Al-Baqara, aya ya 263, inaweka neno jema juu ya sadaka inayofuatwa na maudhi, na inamalizia kwa jina lile lile, Mkwasi. Asiyehitaji kitu hasimangi. Sisi mafakiri ndio tunasimangana.

Basi ndugu zetu wa mashirika, semina ijayo leteni mada ya vibali. Viti nitapanga mwenyewe.