Risala ya Watanzania wa Alexandra Waliooa na Kuolewa Afrika Kusini, Kuhusu Uthibitisho wa Kazi na Kipato

Mheshimiwa Balozi, mgeni wetu rasmi,


Karibu Alex. Tunajua ratiba yako imebana na pilau limeshaiva, kwa hiyo tutashika jambo moja. Wenza wetu ni raia wa nchi hii, ndoa zimesajiliwa, watoto wanasoma hapa, lakini viza ya mwenza inakwama kwenye swali moja: mnakula nini, na nani kawaajiri?

Kanuni za uhamiaji za 2014 zinataka uwezo wa kifedha kwa viza ya jamaa uthibitishwe kwa hati ya mshahara ya sasa, au taarifa ya benki yenye muhuri isiyozidi miezi 3. Kiwango kilichowekwa ni randi 8,500 kwa mwezi kwa kila mtu. Sisi wenza nasi, tukifika dirishani, tunapimwa kwa kipimo hicho hicho. Basi tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Machi 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa. Kwa kiwango hicho, aliyefanya kazi saa 45 kwa wiki bila kukosa alipata kama randi 5,600 kwa mwezi. Kwa hiyo mama aliyefua na kupiga deki Sandton mwezi mzima, akilipwa kiwango hicho kihalali kabisa, alipungukiwa karibu randi 2,900 ili amdhamini mumewe. Sheria moja inamwambia analipwa sawasawa. Nyingine inamwambia ni fukara mno kuishi na mume.

Na huyo ana nafuu, kwa sababu ana mwajiri. Wengi wa Alex wanajitafutia. Mke wa mwenzetu mmoja anauza kota, ile robo ya mkate iliyojazwa chipsi na achari, jirani na stendi ya teksi ya Pan Africa. Ana kaunta buku lake: kushoto mikate aliyonunua, katikati mafuta na viazi, kulia mauzo, na kila Jumamosi jumla imezungushiwa kalamu nyekundu. Afisa alifungua ukurasa mmoja, akafunga, akauliza slipu ya mshahara iko wapi. Aandikiwe na nani, ilhali bosi ni yeye mwenyewe? Akatakiwa alete taarifa ya benki. Nayo haikumsaidia, maana pesa ya kota haifiki benki. Ikiingia mchana, alfajiri ya kesho yake imeshakuwa viazi.

Lawama zote si za serikali, tuseme ukweli. Sheria za kazi za hapa zinamtaka mwajiri, hata wa kazi za ndani, atoe maelezo ya malipo kwa maandishi, na mfanyakazi anayezidi saa 24 kwa mwezi asajiliwe kwenye mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira. Bosi ambaye hajamsajili mtu wake anaiogopa barua ya kuthibitisha ajira kuliko anavyoogopa polisi. Ukimbana sana, anakuchania karatasi ya shajara, bila tarehe wala namba ya simu.

Kisha kuna sisi wenyewe. Kifungu cha 11(6) cha Sheria ya Uhamiaji ya 2002 kinaruhusu mwenye viza ya mwenza aidhinishiwe kufanya kazi. Idhini inataka barua ya mwajiri, na mwajiri haandiki mpaka aone idhini. Mwanamume mwenye nguvu zake anabaki nyumbani, anahesabiwa mzigo katika randi ambazo angezichangia mwenyewe. Ukihangaikia barua hiyo, taarifa ya benki inapitwa na miezi yake 3, na cheti cha polisi kutoka Dar es Salaam kinapitwa na miezi yake 6. Tuko Alex, Mheshimiwa, mtaa ambao mashambulizi dhidi ya wageni ya Mei 2008 yalianzia. Hapa karatasi iliyopitwa na tarehe si jambo la kusahau mezani.

Hatuombi fadhila. Katika kesi ya Dawood, mwaka 2000, Mahakama ya Katiba ilisema kuwazuia wanandoa kuishi pamoja kunagusa utu wao. Mwaka 2019, katika kesi ya Nandutu, ikasema mwenza wa raia halazimiki kutoka nje ya nchi ili abadilishe viza ya matembezi. Na hatusemi sharti la kipato lifutwe. Uingereza ililipandisha lake hadi pauni 29,000 kwa mwaka Aprili 2024, kiwango kikali mno, lakini kanuni zake zinaorodhesha nyaraka za mtu aliyejiajiri. Sisi hapa tunategemea afisa kaamkaje.

Tunaomba basi uifikishie serikali mwenyeji kwamba kipato cha mke na mume kihesabiwe pamoja, na kiwango kisizidi kima cha chini cha mshahara. Daftari la biashara, likiambatana na kiapo na risiti za manunuzi, lipokelewe kama uthibitisho. Idhini ya kazi itoke pamoja na viza, bila kutaja mwajiri. Anayekataliwa aandikiwe ni karatasi gani ina kasoro, maana siku 10 za kazi za kuomba mapitio zinakwisha mtu bado anakisia.

Kwako wewe tuna moja: maofisa wako waje Alex kila miezi mitatu, siku ya Jumapili, kushughulikia pasi na barua za utambulisho. Safari ya kuwafuata Pretoria inamla mtu ujira wa siku. Ukumbi tutatoa sisi.