Deni la barabara ya Bagamoyo lilivyozuia ndege Canada

Itakumbukwa kuwa Agosti 2017 ndege mpya ya Tanzania aina ya Bombardier Q400, iliyokuwa ikisubiriwa kwa hamu Dar es Salaam, ilikwama Canada. Aliyetoboa siri alikuwa Tundu Lissu, wakati huo mbunge na mwanasheria wa Chadema. Alisema kampuni ya Stirling Civil Engineering inaidai serikali dola milioni 38.7 za Marekani, kutokana na barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo. Mkataba ulikuwa umevunjwa miaka mingi nyuma, kampuni ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa na kushinda. Serikali ilikiri kuwa kuna mgogoro, huku ikiwalaumu wanasiasa wa upinzani. Ndege ilifika Aprili 2018.

Wengi waliliona jambo hilo kuwa siasa tupu. Msafirishaji hana budi kulitazama kwa jicho la biashara.

Mkandarasi wa barabara hufanya kazi kwanza, hulipwa baadaye. Greda likishachonga na kifusi kikishashindiliwa, mhandisi msimamizi hupima kazi na kutoa hati ya malipo. Hati ikipita siku zilizoandikwa kwenye mkataba bila kulipwa, riba huanza kuhesabiwa. Mwajiri, awe wizara au jiji, husema kazi ni mbovu au fedha hazijaingia. Mkandarasi naye huegesha mitambo. Barabara iliyochongwa na kuachwa hivyo hivyo haimalizi masika. Malori yanazama, na kazi ya kuchonga upya itadaiwa tena.

Tuzo ya usuluhishi nayo haina mpaka. Chini ya Mkataba wa New York wa 1958, mdai anaweza kuipeleka katika mahakama ya nchi nyingine mwanachama, pale ilipo mali ya mdaiwa.

Lakini huyo ni mkandarasi mkubwa. Mwenye tipa aliyekodisha kwa siku, au aliyetoa dizeli kwa mali kauli, hana hati inayozaa riba. Hawezi kuzuia ndege ya mtu. Yeye husubiri bosi alipwe, na mara nyingi mkataba wake ni maneno ya kwenye simu.

Kenya nako madeni ya makandarasi wa barabara yalirundikana hadi kazi nyingi zikasimama. Mwaka 2025 serikali iliamua kutumia shilingi 7 kati ya shilingi 25 za tozo ya matengenezo ya barabara, inayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli, kama dhamana ya kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa. Lori la Kampala au Kigali likijaza lita 400 Mombasa limechangia shilingi 2,800 katika madeni hayo, dereva ajue asijue. Ni afadhali kuliko mitambo kuota kutu, ila fedha hizo zilikusudiwa mashimo ya kesho, si kazi za jana.

Kwa anayeombwa kukodisha magari leo, swali la kwanza lisiwe bei ya tripu. Auliza hati ya mwisho ya mkandarasi ililipwa lini, na adai malipo ya awali kabla tipa halijatoka yadi.