Koti la Mvua la Mlimani Si Lile la Kungojea Matatu

Kila likizo inapokaribia, vyama vya wapanda milima katika shule na vyuo vyetu huanza kuandikisha majina ya wanaotaka kuuona Mlima Kenya kwa karibu. Barua inaletwa nyumbani, baba anatia sahihi, mama anauliza nauli ni pesa ngapi, kisha kijana anaambiwa achukue lile koti la mvua linaloning'inia nyuma ya mlango. Hapo ndipo panapohitaji kutazamwa vizuri, msomaji mpenzi, kwa maana koti hilo lilinunuliwa kwa kazi nyingine kabisa.

Koti la mjini huvaliwa dakika 10, kutoka kituo cha matatu hadi nyumbani. Anayelivaa hatoki jasho, na akiloa atabadilisha nguo na kunywa chai. Mlimani mvua yaweza kuanza saa saba mchana ikaendelea hadi usiku, mtu akiwa na mzigo mgongoni na kambi bado iko mbali.

Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto ataanguka jabalini. Lakini wanaokwenda kutembea tu hawafiki Batian, chenye mita 5,199, wala Nelion, kwani huko hupandwa kwa kamba. Huishia kilele cha Lenana, mita 4,985, ambacho hufikiwa kwa miguu. Adui wao ni baridi ikishirikiana na maji. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kambi ya Mackinder iko yapata mita 4,200, kwa hivyo siku ambayo Nairobi ina nyuzi 20, huko juu kuna kama nyuzi 5, na upepo bado hatujauhesabu. Tena maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa.

Aliyeloa kisha akapigwa na upepo huanza kwa kutetemeka. Baadaye vidole hushindwa kufunga kifungo, ulimi huwa mzito kama wa mlevi, na hatua zinayumba. Mwenyewe atawaambia wenzake kwamba yuko sawa, wamwache apumzike kidogo. Asiachwe. Akiacha kutetemeka hali hajapashwa joto, hiyo ni dalili mbaya zaidi. Avuliwe nguo zote mbichi, avishwe kavu, aingizwe ndani ya mfuko wa kulalia, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza, na wapangaji wa safari watafute njia ya kumteremsha.

Sasa tuje kwenye koti lenyewe. Maji humjia mpanda mlima kutoka pande mbili: mvua kwa nje na jasho kwa ndani. Koti la mpira au plastiki nzito huzuia mvua barabara, ila mwenye kulivaa akipanda nusu saa shati lake litakuwa limeloa chapachapa kwa jasho. Mwaka wa 1969 Mmarekani Robert Gore aligundua namna ya kuvuta aina fulani ya plastiki kwa ghafla hadi ikawa utando wenye vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji haliwezi kupenya lakini mvuke wa jasho hupita. Ndio utando wa Gore-Tex, na siku hizi kampuni nyingi hutengeneza vitambaa vya namna hiyo. Kwenye kibandiko utaona pengine nambari kama 5,000 au 10,000. Hiyo ni kimo cha maji, kwa milimita, ambayo kitambaa kinaweza kuhimili kabla hakijavuja. Kwa mlima tafuta 10,000 au zaidi, kwa sababu mikanda ya mkoba hugandamiza maji mabegani.

Makoti mapya ya aina hii ni ghali, na sioni haja ya familia kukopa. Gikomba na kwingineko kwenye mitumba yamo, tena mazuri, almuradi mnunuzi ajue kukagua. Ligeuze ndani nje. Mishono yote iwe imebandikwa utepe, kwani kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Sugua utando wa ndani kwa kidole. Ukinata au ukibambuka kama ngozi iliyoungua jua, lirudishe hata kama muuzaji anakuita mteja wake wa kwanza. Mwagia maji kidogo kwenye mkono wa koti. Yakibingirika kama juu ya jani la nduma, vyema. Yakinywewa na kitambaa cha juu, koti laweza bado kuwa zima, bali linahitaji kufuliwa na kupakwa dawa ya kuzuia maji. Usilifue kwa sabuni ya unga yenye manukato wala dawa ya kulainisha nguo.

Kofia ya koti iwe na kamba ya kukaza, zipu iwe na kifuniko, na mwili wa koti uwe mpana wa kutosha sweta ndani. Lile shuka la mvua lenye tundu la kichwa linafaa msituni. Ukishapita miti, upepo hulipeperusha hadi usoni.

Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini mwaka wa 1977, wapanda milima wetu hubeba kamera tu. Wawindaji wa milima ya ng'ambo hulichukia koti la nailoni kwa sababu hukwaruza kila mkono unapotikisika, na mnyama husikia mapema. Kwetu kelele hiyo ni heri. Msitu wa mianzi una nyati, na afadhali akusikie ungali mbali aende zake.

Koti pekee halitoshi. Suruali ya jinzi iachwe nyumbani, maana ikiloa huwa nzito na haikauki hadi safari imalizike. Afadhali suruali nyepesi ya nailoni, na juu yake suruali ya mvua yenye zipu miguuni ili ivaliwe bila kuvua viatu. Ndani, sufu hushinda pamba, kwani hubakiza joto hata ikiwa mbichi; sweta kuukuu la shule la sufu si la kudharauliwa. Wanaopitia Naro Moru watakuta kinamasi kwenye mteremko juu ya Met Station, na viatu vya raba huko ni kujitafutia taabu.

Nguo za kulalia zifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji, wa kutumiwa tena na tena. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa.

Wiki moja kabla ya safari, mwambie kijana alivae koti hilo juu ya shati la rangi ya kijivu, asimame chini ya bomba la bafuni dakika 10, mikono akiinua na kushusha. Kisha alivue, nanyi mlitazame shati mabegani, shingoni na kifuani kwenye zipu. Patakapokuwa na doa jeusi ndipo panapovuja, na bado kuna wiki nzima ya kurudi sokoni.