Mti na Nchi Yake

Watu wa Kibaha na Kisarawe huuliza kama mtini waweza kuzaa kwao. Mtini hupenda hewa kavu wakati matunda yaivapo. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na tini zikipatwa na mvua hupasuka na kuchacha upesi. Mtufaha nao hutaka baridi, ndiyo sababu hupandwa Lushoto na Njombe.

Lakini msihuzunike. Mkuyu, ndugu wa mtini, humea wenyewe kando ya mito. Ndio mti aliokwea Zakayo. Tena uko mkorosho, ulioletwa na Wareno kutoka Brazili. Huo hustahimili mchanga wa Kibaha, maana mizizi yake hushuka chini sana. Upandeni masika yaanzapo, mti na mti mita 12, kwa kuwa matawi yakisongana huzaa kidogo. Penye udongo mzuri, katika vilima vya Kisarawe, pandeni mfenesi na mchungwa.

Basi, mwenye fedha ya mche mmoja tu asiipoteze kwa kutamani tunda la mbali. Na atazame kwanza mti uzaao kwa jirani yake.